Mwaka Niliolisha Mashini ya Mbao

Ramazani alinipigia simu asubuhi, nikiwa Alunguli, ng'ambo ya mto, kwenye shamba langu la karanga, vidole vimejaa udongo. "Yaya Feza," akasema, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa, "Kobe imesimamishwa. Wameipaka rangi ya kupendeza sana. Siku ya kufungua, shefu anataka wewe ukae mbele na batu bakubwa." Nikamuuliza shefu yupi. Akakohoa kwanza, kama mtu anayetafuta pa kupitia. "Ule shefu wetu wa gare, wa wakati wa vita. Njo yeye aliinunua." Nilikata simu nikatema mate kwenye tuta. Mate yalikuwa machungu kweli, maana tangu mwaka ule kinywa changu huchacha kila nikisikia mkuu huyo wa stesheni akitajwa. Jina lake sitaliandika hapa. Wanaolijua wanalijua, na wasiolijua hawajapungukiwa na kitu.

Kobe ilikuwa lokomotivu ya mvuke, lakini si ya aina waliyoizoea watu wa Kindu. Ilikuwa mashini ya mbao. Kampuni moja ya kukata miti iliileta zamani, kabla hata Papa Asumani, aliyekuja kuwa dereva wake, hajaota ndevu, ili iburute magogo kutoka msituni kwenye reli za ovyo zilizolazwa juu ya matope. Mashini nyingine za mvuke husukuma magurudumu kwa mikono mirefu ya chuma. Kobe ilikuwa na mitungi ya mvuke iliyosimama wima ubavu mmoja tu, ikizungusha mtaimbo mrefu, na kwenye mtaimbo huo kulikuwa na vigurudumu vya meno, sisi tuliviita pinyo, vilivyouma meno ya kila gurudumu la chini. Kwa hiyo kila gurudumu lilivuta. Mtu mwenye haraka angeipita kwa miguu, ingawa kwa kelele zake ungedhani inakimbia. Lakini ilipanda vilima, ilikata kona, na ilipita juu ya reli iliyooza bila kuanguka. Kampuni ilipoondoka, ikasukumwa nyuma ya depo ya Kindu, popo wakazaa ndani ya bomba lake la moshi.

Vita ndivyo vilivyoifufua. Mazuti yalikwisha, mashini za dizeli zikalala, madaraja yakalegea, na mji ukabaki kama mtu aliyefungiwa chumbani. Ndege zilizotua zilikuwa za wenye bunduki. Sabuni ikawa hadithi. Chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana. Papa Asumani na Ramazani, fundi wake, waliikwangua Kobe kutu, wakaziba shodiere, lile pipa kubwa la mvuke, wakaijaza maji ya Lualaba na kuiwashia kuni. Kuni Maniema hatujawahi kukosa. Basi Kobe ikaanza kwenda upande wa Kibombo na kurudi, ikivuta mabehewa mawili matatu, ikileta mchele, muhogo, mawese, wagonjwa, na chumvi iliyofika huko ikisukumwa kwenye baiskeli kupitia msituni.

Mimi nilikuwa msichana wa kumaliza shule ya ualimu. Shule yetu ilikuwa imegeuzwa kambi ya askari, madawati yetu yakapikiwa mbuzi wa watu. Mama Zaituni, mke wa Papa Asumani, alinichukua nimsaidie kuwapikia wafanyakazi wa depo. Kisha wale waliokuwa wakilisha moto walikimbilia msituni kuogopa kubebeshwa mizigo ya askari, na asubuhi moja Papa Asumani akasimama mlangoni mwa jiko, mrefu, kofia yake ya sala imebadilika rangi kwa masizi. "Feza, unajua kupika?" Nikasema najua, papa. "Basi hii nayo ni chungu. Kubwa tu." Hivyo ndivyo nilivyopanda juu ya Kobe. Nilijifunza kutupa kuni kavu katikati na mbichi pembeni, kusoma kioo cha maji, kufunga mlango wa fuaye, lile tumbo la moto, kabla halijanilamba nyusi. Wanaume wa mjini walinicheka, kisha wakazoea. Nilikuwa na furaha wiki chache za mwanzo, na ninaikumbuka furaha ile kwa hasira, kama mtu anavyokumbuka chakula kitamu kilichomwumiza tumbo.

Tulikula kwenye chumba cha mapumziko cha madereva, chumba chenye dirisha lililozibwa kwa katoni, kunguni ukutani, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa kipande cha reli. Chakula kilikuwa sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopondwa, na ugali wa muhogo, siku nzuri wali na samaki wadogo, mara nyingi bila chumvi. Sombe bila chumvi unaitafuna kama nyasi, inazunguka mdomoni, koo linakataa. Shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, alikuwa na desturi ya kuingia wakati wa kula. "Karibu yangu mwenyewe," angesema, na kuchota. Siku moja nilikuwa nimeinama kuokota kijiko, nikamwona chini ya meza akifungua karatasi ndogo ndani ya kiganja. Ilikuwa chumvi. Aliinyunyiza kwenye tonge lake, akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akaendelea kutuhurumia kwa maisha magumu huku mdomo wake uking'aa. Tulikuwa tumeipakua sisi chumvi ile. Mabega ya Ramazani yalikuwa bado na vidonda vya magunia. Nilitamani kusema, lakini Mama Zaituni, ambaye naye alikuwa ameona, alinikanyaga mguu.

Girisi pia ilikwisha. Meno ya Kobe hayakuweza kwenda makavu, kwa hiyo tuliyalisha mafuta ya mawese yaliyochanganywa na masizi na mabaki ya girisi ya zamani. Mchanganyiko ule ulikaa kwenye bidoni, dumu la zamani, karibu na mtaimbo, mweusi, mzito, umejaa unga wa chuma uliosagwa na meno, na ukipata joto ulinuka kama maiti iliyokaangwa. Watoto wa mji walikuwa wakivimba miguu kwa njaa, na mama zao walisimama kwenye uzio wa depo wakituangalia tukimimina mawese juu ya chuma. Mama mmoja aliniambia, bila kupaza sauti: "Munalisha mashini, sisi tunakufa." Nilimpelekea Papa Asumani maneno yale. Hakukasirika. "Anasema kweli," akajibu. "Lakini isipokula hii, hata kile kidogo hakifiki."

Ukuta wa chumba chetu ulipakana na ofisi ya shefu, na ulikuwa ukuta wa mbao nyembamba. Huko ndiko tulikosikia mara ya kwanza juu ya miti. Komanda aliyeshika mji, mtu wa mbali, mnene, mwenye sauti ya upole kama ya muuguzi, alikuwa amekuja kunywa chai. Shefu alikuwa akimweleza kwamba ile kampuni ya mbao iliacha magogo mekundu yamelala msituni kando ya reli, mazuri, makubwa, hayajaoza. "Mashini iko," tulimsikia akisema. "Batu biko. Mbao iko. Kitu gani inakosa? Neno lako tu, Komanda." Papa Asumani aliacha kutafuna. Kisha akaendelea, polepole, kama aliyekuta jiwe kwenye wali.

Safari iliyofuata tulirudi kutoka Kibombo na wagonjwa wa kuhara. Walijaa mabehewa, wamelala juu ya magunia matupu, wengine wameegemea chumvi. Palipokuwa na kambi ya zamani ya wakata miti, askari walisimama katikati ya reli, na magogo yalikuwa yameshaviringishwa tayari. Komanda alikuwa amekaa juu ya kiti cha kukunja. Shefu alisimama pembeni, leso puani, akionyesha kwa kidole ni behewa gani lingebeba zaidi. "Shusheni," akasema Komanda. Papa Asumani aliteremka, akasimama mbele yake. "Komanda, hawa ni batu. Wanaenda hospitali." Komanda akamtazama kwa utulivu uleule. "Batu wanazaliwa kila siku, mzee. Mti huu umengoja miaka mia." Askari wakaanza kuwashusha wagonjwa kwa miguu na kwa kwapa, wakiwalaza kwenye majani kando ya reli. Mwanamke mmoja alinishika gauni akaniuliza kama tumefika Kindu. Nilimwambia tunarudi, mama, tunarudi kukuchukua. Askari mwenye bunduki akapanda pamoja nasi, na Kobe ikavuta magogo.

Tulirudi kesho yake, mara tu walipomaliza kupakua. Sitaeleza yote. Waliokuwa hai tuliwapakia. Yule mwanamke hakuwa miongoni mwao. Wengine tuliwafunika kwa majani, na Papa Asumani akawasomea alichoweza, Waislamu na wasio Waislamu, kwa dua moja. Jioni nilipewa kazi ya kuosha mabehewa. Utomvu mwekundu wa magogo ulikuwa umechanganyika na uchafu wa wagonjwa, umekauka, umeshika kwenye mbao za sakafu, na juu ya yote hayo ilikaa harufu tamu ya mti mbichi, tamu kama sharubati. Nilisugua kwa majivu na maji ya mto mpaka vidole vikachubuka. Mpaka leo siwezi kuingia kwa seremala. Watu husema mbao mpya hunukia vizuri. Mimi huvuka barabara nisiinuse.

Amri ikaja kwamba kuanzia hapo Kobe itabeba miti tu, mpaka miti iishe. Tulikaa chumbani mchana, mlango umefungwa, sinia ya wali katikati na hakuna aliyenyoosha mkono. Papa Asumani akasema: "Haitabeba tena." Alitaka kukausha maji na kuiacha shodiere iungue, iharibike kabisa. Ramazani, ambaye alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa na maneno machache, akaanza kulia waziwazi. "Papa, usiiue. Mimi nitaing'oa meno. Pinyo zinaweza kutengenezwa siku moja. Shodiere ikipasuka hairudi." Walibishana kwa sauti ya chini. Kisha Mama Zaituni akauliza swali ambalo sote tulikuwa tukilikwepa: "Na chumvi ya batu?" Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kutuwekea wali sahanini kwa nguvu, kama mtu anayepiga misumari. Hivyo ndivyo alivyosema ndiyo.

Ramazani alifungua mtaimbo mchana kweupe, akimwambia askari wa mlangoni kwamba anasafisha. Pinyo zile ziliondoka depo kichwani mwangu, moja kila safari, ndani ya beseni, chini ya majani ya sombe. Uzito ulinisukuma shingo mpaka nikaona nyota. Askari alinisimamisha mara moja tu. "Nini hiyo?" Sombe, nikasema. Akachukua fungu la juu kwa ajili ya chungu chake mwenyewe, na majani yaliyobaki yalitosha kwa shida kuficha chuma. Nilitembea hadi pale wanawake wanapolowekea muhogo mtoni, mahali panaponuka uchachu hata mbwa hawakai, nikaziachia zizame.

Siku ya safari walipandisha askari, Komanda mwenyewe akaja. Moto uliwaka vizuri, niliuwasha mimi. Papa Asumani akafungua mvuke. Mitungi ikaruka, mtaimbo ukazunguka kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona, Kobe ikatetemeka na kupiga kelele zote za safari, na magurudumu hayakusogea hata unene wa kucha. Askari wengine walicheka. Shefu hakucheka. Alizunguka ubavu ule, akachuchumaa, akainua suruali yake isichafuke, akachungulia. "Komanda," akasema, "meno yametolewa." Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mashini ni kuukuu imekufa, na hakuna askari hata mmoja ambaye angejua tofauti. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii.

"Ni mimi," akasema Papa Asumani kabla hajaulizwa. Ramazani akapiga hatua, na mzee akamkatiza kwa ukali: "Huyu alikuwa na homa, hajui kitu. Na huyu binti ni mpishi." Komanda hakupaza sauti. Aliiona ile bidoni ya mafuta meusi, akasema kama mashini haiwezi tena kuyatumia, basi dereva ayatumie yeye. Walimpigisha magoti. Walihitaji faneli. Shefu akaenda kuichukua, ile tuliyotumia sisi, na kabla ya kuwapa, akaifuta kwa leso yake. Aliifuta vizuri, ndani na nje, kama anayemwandalia mgeni glasi. Kisha akawapa.

Papa Asumani alikunywa mpaka akaanguka, akatapika, wakamnywesha tena. Lakini sikio langu halikubaki kwa Komanda. Lilibaki kwenye uzio. Watu walikuwa wamekusanyika pale wakingoja safari ya chumvi. Mtu mmoja alicheka, halafu wengi wakacheka, na sauti ya mwanamke ikapaa: "Amunywe! Alitunyima chumvi!" Siwezi kusema hawakuwa na sababu. Walikuwa na njaa, na hakuna aliyewaambia kitu. Ila nilikuwa nimewaoshea mabehewa, nilikuwa nimebeba watoto wao, na tangu siku ile nikawa ninaona meno ya watu wanapocheka, siyaoni macho yao.

Askari walijaribu kuisukuma Kobe, wakashindwa. Mabehewa nayo yalibaki yamefungwa nyuma yake. Magogo yaliyobaki msituni yakaota uyoga. Mwishowe Komanda akahamishiwa kwingine na kunenepa huko. Mwaka ule wote tulikula aibu. Jirani alinikatalia kaa la moto. Chumvi ilipofika tena kwa baiskeli, walituuzia wa mwisho. Papa Asumani aliishi, kama kule ni kuishi: Mama Zaituni alimpikia wali wa maji, bila tone la mafuta, mpaka alipokufa miaka kadhaa baada ya vita. Alipokuwa hai, harufu ya mawese jikoni kwa jirani ilimtoa nje ya nyumba, akashika ukuta. Shefu alikuja mazishini na leso mpya.

Mimi sikutaka kwenda kwenye sherehe ile Ramazani aliyonipigia simu. Mama Zaituni ndiye aliyenituma. "Nenda uone," akasema, "macho yangu mimi hayaoni tena." Nikavuka kwa mtumbwi. Kobe walikuwa wameiweka kwenye ua wa nganda mpya ya shefu, baa yake, kati ya meza za plastiki. Walikuwa wameipaka njano na kijani, hata kioo cha maji, na pale pinyo zilipokuwa walikuwa wamefunga viduara vya mbao vilivyopakwa rangi ya fedha. Ramazani alisimama pembeni na kofia ya dereva, mvi zimemjaa, akiwaeleza wageni. Kisha nikanusa nyama. Walikuwa wanachoma mbuzi ndani ya fuaye. Mafuta yalidondoka kwenye vyuma nilivyovikwangua kwa mikono yangu, moshi ukatoka bombani, wageni wakapiga makofi na kuinua simu zao.

Nilimvuta Ramazani nyuma ya tenda, kile kigari cha kuni cha Kobe. "Wewe njo ulimupa?" Hakunikwepa. "Batu ya vyuma vikuukuu walikuja na moto wa kukatia. Mabehewa yote yameisha, yaya, vipande vipande. Niligonga kila mlango wa mji huu. Yeye peke yake alifungua." Akavua kofia, akaivaa tena. "Minajua nani alishika faneli. Nilikuwa pale. Lakini ningeiacha ikatwe?" Nilimchukia kwa swali lile, nikarudi kwenye viti vya mbele.

Shefu, mzee sasa, msafi, suti nyeupe, alisema kwenye mikro, kipaza sauti cha kukodi, kwamba aliilinda mashini hii kwa mikono yake mwenyewe wakati wa vita, kwa ajili ya vizazi. Kisha akaniita mama yetu shujaa na kunipa mikro, ili nishukuru. Nikasema. Sikulia wala kupiga kelele. Nilitaja wagonjwa walioshushwa, nilimtaja Papa Asumani, nilisema nani aliinama kutazama meno na nani alileta faneli. Nilipofika kwenye leso, kijana wa muziki alikuwa ameshapandisha sauti, na midomo yangu ikabaki inacheza kama samaki. Meza za mbele zilinisikia. Mwanamume mmoja aliacha kutafuna. Jirani yake akamwongezea pilipili. Shefu akanikaribia, akaniambia sikioni, kwa upole: "Mama Feza, yale yalikuwa vita. Kaa, kula."

Ndipo nilipomwona Ramazani akichukua koleo. Alifungua mlango wa fuaye, akavuta moto wote nje, makaa na nyama pamoja, chini kwenye saruji yao mpya, akamwagia ndoo ya maji. Majivu yaliruka mpaka kwenye suti. Ramazani alifunga mlango kwa komeo, akaweka kofia juu ya meza ya shefu, tukatoka naye mpaka mtoni huku nyuma yetu watu wakilalamikia mbuzi wao.

Alifukuzwa, bila shaka. Na bila shaka wanachoma nyama mle mpaka leo. Mzigo wa chuma hauchagui wa kuukalia. Nilidhani nimemalizana na Kobe. Lakini mvua zilipoanza, Ramazani alikuja Alunguli na chupa ya mafuta na vitambaa, akasema wale hawajui kwamba mihimili ya magurudumu inahitaji kufutwa, na rangi ile inaficha kutu. Anaingia pale kama mteja. Ananunua soda asiyoinywa, kisha anachuchumaa upande wa mtaimbo na kufanya kazi. Nilimwambia kwamba inanitapisha. Akasema hata yeye. Jumamosi iliyofuata nikavuka naye, kwa sababu nilitazama mgongo wake na kuona kwamba tukiiacha, shefu na watu wake peke yao ndio watakaobaki kusimulia habari zake.

Nilikuwa nimelala chali chini ya Kobe, kitambaa mkononi, harufu ya mbuzi imejaa puani, msichana wa meza alipoinama na kunichungulia. Alikuwa mdogo, hajazaliwa wakati ule. "Mama, mutakula nini?"

"Hatuli hapa," nikamwambia. "Tuko kazini."